Lundo Dogo la Daka Dima

Siku Tuye alipoukuta waya, alidhani lori limemshusha mahali pasipo pake.

Alisimama kando ya barabara ya kwenda Kutulo, kifurushi kwapani, akatazama huku na huku. Kilima chekundu kilikuwa palepale. Malundo ya mawe yalikuwa palepale, makubwa kwa madogo, yametapakaa chini ya kilima kama ngamia waliolala. Lakini kati yake na malundo hayo palikuwa na nguzo za chuma, waya wa miiba, na bango lenye maandishi asiyoweza kuyasoma. Kabla hajamuuliza utingo chochote, lori liliondoka kuelekea Mandera.

Bango lile niliandika mimi. Lilisema: Hifadhi ya Historia ya Daka Dima, Karibuni.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nimesomea historia, kisha nikakaa nyumbani Garissa nikisoma vitabu vilevile mara ya pili, mpaka nilipopata kazi ya mkataba katika hifadhi hii mpya. Kazi yenyewe ilikuwa kuandika maelezo kwa ajili ya wageni na, hifadhi ikishafunguliwa, kuwatembeza. Hiyo ya kuandika niliipenda. Hiyo ya kutembeza ilinitia hofu, maana mbele ya watu sauti hunikauka. Kwa bahati wageni walikuwa hawajaanza kuja. Nilikuwa na mawe, upepo, na watu wawili tu: Shirwa, mlinzi wa lango, na Abdirashid, mtafiti wa mambo ya kale aliyeletwa kutoka Nairobi ingawa kwao ni Wajir.

Wazee wa huku husema malundo yale ni makaburi ya Madanle, watu warefu kupita kiasi waliotoboa visima kwenye mwamba kabla wafugaji wa sasa hawajafika. Hakuna anayejua kwa hakika. Kinachojulikana na kila mtu ni adabu ya mahali. Mpita njia huokota jiwe huko anakotoka, hulibeba, huliweka juu ya lundo mojawapo, hutoa salamu, huenda zake. Kuongeza jiwe ni heshima. Kuondoa jiwe ni jambo ambalo hata watoto wa malishoni hawalifanyi kwa mzaha. Aliyeondoa, husemwa, nyumba yake haitasimama.

Tuye alifuata waya hadi langoni.

"Mama, hapa ni hifadhi siku hizi," Shirwa alimwambia. "Na haijafunguliwa. Rudi mwezi ujao."

"Hifadhi ni nini?"

"Ni mahali pa kutunza vitu. Tunatunza mawe."

Tuye alimtazama kuanzia viatu hadi kofia. "Mmefungia mawe waya? Mnaogopa itatoroka?"

Shirwa alicheka sana, kwa sababu siku nzima hakuwa amepata mtu wa kuongea naye. "Yenyewe hayatoroki, mama. Ni nyinyi mtakaotoroka nayo."

Nikaona uso wa yule mama umebadilika ghafla. Nilidhani ni utani uliomkera, nikatoka kibandani nikamsalimu kwa maneno machache ya Kiborana niliyofundishwa, kisha nikakwama. Lugha yangu ni Kisomali, yake Kiborana. Tukakutana kwenye Kiswahili.

"Eedo, umetoka mbali?" nilimuuliza. Eedo, kwetu, ni shangazi, na mwanamke yeyote aliyekuzidi umri unaweza kumwita hivyo.

"Garissa. Bula Iftin."

Nilisahau haya zangu. "Hata sisi tuko Bula Iftin!"

"Basi mama yako ananijua. Mimi nauza maziwa ya ngamia, pale karibu na wanawake wa ndizi."

"Mama hanunui maziwa kwa mtu asiyejua ukoo wake."

"Ananunua kwangu," alisema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Anafikiri mimi ni Msomali."

Shirwa alifungua lango. "Ni mgeni wako, Fosia. Jiwe likipotea, nakudai wewe."

Nilikuwa nimejiandaa kumpitisha njia tuliyoichora kwa chokaa, kuanzia lundo kubwa, lile linalopita kimo cha mtu. Yeye hakuitazama chokaa. Aliyapita malundo makubwa akisema salamu kwa sauti ya chini, kila moja salamu yake, jinsi mtu anavyopita baraza lenye wazee. Akaenda moja kwa moja hadi ukingoni, kwenye lundo dogo lisilofika magotini, na hapo akasimama.

Lundo lile lilikuwa limezungushiwa uzi na vigingi. Kwenye jiwe la juu Abdirashid alikuwa amepaka namba 31 kwa rangi nyeupe.

Nami, kwa kuwa sasa tulikuwa majirani, nikamweleza kwa furaha. "Hili tutalifungua Jumatatu. Ni dogo, mawe yake hayajavurugwa, tunaweza kulimaliza kabla ya sherehe ya ufunguzi. Tutajua hawa watu walikuwa kina nani."

"Mnafungua vipi?"

"Tunatoa jiwe mojamoja. Halafu tunachimba."

Aliketi mchangani. Alifungua kile kifurushi, ndani yake mkawa na tawi lenye majani mabichi, limefungwa kwa kitambaa chenye maji. Alikuwa amelikata kando ya mto Tana na kulinyunyizia maji njia nzima, Modogashe, Habaswein, Wajir, juu ya magunia ya sukari. Hakuliweka popote. Alilishika tu.

"Intala," alisema. Ndivyo Waborana wanavyomwita msichana. "Chini hapo iko mtoto yangu."

Nilimpeleka kibandani, nikampikia chai. Sikumuuliza kitu. Mara nyingine kutojua kusema kunasaidia, maana mtu mkinyamaza pamoja naye, mwishowe huongea mwenyewe.

Ilikuwa mwaka wa ukame mkubwa, 2006. Tuye alikuwa mke kijana wa mfugaji aitwaye Duba, na walikuwa wanahama kuelekea Kutulo walikoambiwa kuna maji, wakiwa na ngamia waliosalia na mwana wao wa pekee, Hamse, ambaye alikuwa ndiyo kwanza ameanza kuwataja ngamia kwa majina. Mtoto alishikwa na homa njiani. Alifariki asubuhi, walipofika chini ya kilima hiki. Maji hayakutosha hata kumwosha. Walimfanyia tayamamu kwa mchanga, Duba akasimama kumswalia, Tuye nyuma yake. Wakachimba kwa shoka na sufuria.

Halafu wakageuka kutafuta mawe ya kuweka juu, na hapakuwa na mawe. Huku ni mchanga mtupu mpaka macho yachoke, na kilima chenyewe ni mwamba mmoja usiomeguka. Fisi walikuwa wakiwafuata ngamia waliokuwa wakianguka, hata mchana walionekana. Ngamia wenyewe walikuwa na kiu isiyongoja mtu. Mawe pekee yaliyokuwepo yalikuwa ya wale wa kale.

"Tulitoa ya ile kubwa ya karibu," aliniambia. "Kila jiwe moja, Duba anaomba msamaha. Mimi nabeba, nalia, naomba. Tulifunika yeye vizuri. Tukaenda."

Ngamia wakaisha kabla ya Kutulo. Mtoto mwingine hakuja. Duba aliwaambia ndugu zake kwamba Hamse alizikwa Wajir mjini, makaburini, pamoja na watu, ili asiwepo wa kuuliza mawe yalitoka wapi. Ndani ya nyumba hawakulisema kamwe, lakini kila ndoo ikimwagika, kila mbuzi akifa, walitazamana. Mwishowe hawakuweza kutazamana. Wakaachana kwa heshima. Duba alioa tena Kutulo. Tuye aliteremka Garissa, akapanga chumba, akaanza kuuza maziwa ya wafugaji wa kandokando ya mji.

Mara mbili alikuja mtu wa kumposa, mmoja mwenye duka, mwingine dereva mpole kutoka Dadaab. Aliwakataa wote.

"Kwa nini, eedo?"

"Nyumba yangu haisimami. Niingize mtu wa watu ndani, imwangukie?"

Kila mwaka, mvua ikikatika na barabara ikikauka, aliwaambia jirani zake anakwenda kuona jamaa. Wanawake wa kwake hawaendi makaburini, na yeye alikwenda peke yake, kwenye kaburi asiloweza kumtajia mtu. Alikaa hapo kutwa, akarudi na lori lililokuwa likishuka. Hakuna aliyejua. Mimi nilikuwa wa kwanza kuambiwa, na nilipewa habari hizo kwa sababu ya vigingi na uzi.

Abdirashid alirudi alasiri kutoka kupima upande wa pili wa kilima. Nilimweleza huku nikitazama viatu vyangu. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaenda kwenye lundo dogo pamoja nasi.

"Mama, usinifikirie vibaya," alisema. "Mwaka jana mzee mmoja aliniambia lile kubwa ni la babu yake. Babu gani mwenye urefu wa lori? Alikuwa anataka kazi ya ulinzi." Alichutama. "Tazama mawe haya. Kutu iliyoyashika ni ya mamia ya miaka. Yote."

"Ndiyo," Tuye alisema. "Mawe ni ya zamani. Mtoto ndiyo ya juzi."

Abdirashid alilitazama lundo tena. Kisha akalitazama lile kubwa la jirani, ambalo ubavu wake mmoja ulikuwa umebonyea. Nadhani alianza kuamini wakati huo. Lakini alikuwa mtu wa kazi.

"Kama ni kaburi la Mwislamu, siligusi hata kwa kijiko. Wallahi. Lakini nikiliacha kwa neno la mtu mmoja, kesho kila lundo hapa litakuwa na mama yake. Wakubwa wangu wataniuliza. Nipe shahidi wa pili."

"Shahidi ni Mungu."

"Mungu yuko, mama. Nipe na mtu."

Alikuwepo mmoja tu. Tuye hakuwa amesema naye tangu walipoachana, lakini namba yake alikuwa nayo. Alipewa na binamu yake, akaihifadhi bila kuipiga. Alinionyesha namba kwenye simu yake, ikanibidi nipige kwa yangu, mimi nisiyeweza hata kuagiza mandazi kwa simu. Abdirashid aliichukua mtu alipopokea. Waliongea Kiborana, spika ikiwa imefunguliwa, na maneno naandika kama nilivyotafsiriwa baadaye.

Abdirashid alijitambulisha, akauliza kwa adabu zote kuhusu mtoto Hamse na mahali alipozikwa. Nyuma ya Duba palisikika kelele za soko la mifugo, mbuzi, na wanaume wakibishana.

"Mtoto wangu yuko Wajir," Duba alisema. "Makaburini. Watu wote wanajua."

"Una hakika, mzee?"

"Nimeshasema." Simu ikakatika.

Neno Wajir nililielewa bila tafsiri, na sikuthubutu kumtazama Tuye. Alikuwa amekaa na lile tawi mapajani, na majani yake yalikuwa yameanza kulegea.

"Amesema hivyo siku nyingi," alisema kwa utulivu ulioniumiza. "Sasa anaamini."

Abdirashid alitembea hadi kwenye gari na kurudi. Alisema vigingi vitabaki, hatavigusa leo, lakini Jumatatu mafundi watakuja na hana sababu ya kuandika ya kuwarudisha. Alisema samahani. Tuye alimjibu kwamba hakuna ubaya, kisha akaninong'oneza kama mtu anayeomba maji, "Siku hiyo nitakaa hapa. Watoe yeye mbele yangu. Nitafunika uso yake."

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya kilima, Shirwa anatawadha kwa ajili ya magharibi, simu yangu ilipolia. Ilikuwa namba ileile, nikafungua tena spika, na safari hii nyuma yake palikuwa kimya.

"Nilikuwa na watu," Duba alisema. "Shemeji zangu walikuwa wamesimama hapa. Mpe Tuye."

Nilimpa. Alishika simu mbali na sikio, kama inachoma.

"Tuye."

"Ndiyo."

"Mawe yapo?"

"Yapo."

"Yote? Hakuna lililoanguka?"

"Moja lilianguka mwaka wa mafuriko. Nililirudisha."



"Ulikuwa unakwenda?"

"Kila mwaka."

"Na nani?"

"Na nani mwingine, Duba?"

Tulimsikia akishusha pumzi. Akaomba apewe Abdirashid, akamwambia yote: homa, mchanga, shoka, sufuria, lile jiwe bapa la kichwani alilolikokota kwa kamba ya ngamia kwa sababu halikubebeka. Alisema kama panahitajika kiapo ataapa, hata mbele ya shemeji zake. Kisha, kabla hajakata, alisema neno moja zaidi kwa Tuye.

"Nyumba yangu pia haikusimama. Watu wanaiona imesimama."

Asubuhi Abdirashid aling'oa vigingi mwenyewe, akauzungusha uzi mkononi mwake, akaniomba brashi ya waya ili afute ile namba. Rangi haikutoka. Tulichofanya ni kuligeuza jiwe, namba ikaangalia chini. Tuye ndiye aliyeligeuza. Sisi tulisimama pembeni.

Ilibaki ramani. Abdirashid aliikunjua juu ya boneti ya gari na kumweleza Tuye polepole. Lundo dogo liko ukingoni kabisa. Anaweza kuisogeza nguzo na kuupitisha waya upande wa ndani, kaburi libaki nje. Likiwa nje si la hifadhi tena, hakuna mtafiti atakayekuja na kuliwekea namba, na yeye anaweza kuja siku yoyote, saa yoyote, akae apendavyo. Likibaki ndani, ataandika kwamba lisiguswe, na maadamu yeye yupo halitaguswa, ila hawezi kuahidi kwa niaba ya watakaokuja baada yake. Na kuliona itabidi Tuye aingie langoni kama mgeni yeyote, afuate chokaa, asikae. Hiyo ndiyo kanuni, na Shirwa ataulizwa.

"Mimi ningeliweka nje," Abdirashid alisema. "Ningekuwa wewe."

Nami niliona hivyo. Nilikuwa tayari kwenda kumwita fundi wa nguzo.

Tuye aliomba muda. Alikwenda akazunguka malundo, moja hadi jingine, kimya, mpaka jua likawa kali na Shirwa akampelekea maji. Aliporudi alikuwa ameamua.

"Muache ndani."

"Eedo, utakuwa huwezi kukaa naye," nilisema.

"Mimi nakuja mara moja kwa mwaka, intala. Hawa wako hapa siku zote. Tulichukua mawe yao na hawakumtupa. Sasa nimtoe nje ya waya, alale peke yake na fisi, kwa sababu mimi nataka kukaa?" Alilikunja lile tawi lililonyauka, akaliweka juu ya lundo. "Ila usisome habari yake kwa watu. Wale wengine soma. Yeye pita tu."

Nilimwahidi. Lori la kwenda Garissa lilimchukua alasiri hiyo, akakaa juu ya magunia matupu, mgongo wake kwetu.

Hifadhi ilifunguliwa, hotuba zikasomwa, na wageni wakaanza kuja kidogo kidogo, zaidi wanafunzi. Nilijifunza kuongea mbele yao kwa kuwatazama mabegani badala ya machoni. Nikirudi Garissa kwa mapumziko huenda kununua maziwa kwa Tuye. Mama hushangaa kwa nini nakaa huko muda mrefu, na mimi husema foleni ilikuwa ndefu. Hatuongei mengi. Ananimiminia, ananiongezea kidogo, ananiuliza, "Wote wazima huko?" Namjibu wote wazima.

Mwaka uliofuata, mvua ilipokatika, alikuja. Siku hiyo palikuwa na wanafunzi wa sekondari kutoka Garissa, na kanuni ni kwamba wageni waingie pamoja, kwa hiyo Shirwa akamuingiza nao. Alisimama nyuma ya wasichana wale, mwanamke mwenye kifurushi, akisikiliza habari za Madanle na visima vyao kana kwamba hajawahi kuzisikia. Nilisema yote kwenye lundo kubwa, na kwenye lile lililobonyea ubavu nikasema kidogo. Tulipofika ukingoni nilianza kugeuka.

"Madam, na hili dogo?" msichana mmoja aliuliza. "Ni la nani?"

Nilimtafuta Tuye kwa macho. Alikuwa anatazama kilima, kama wanavyotazama wageni, mkono juu ya nyusi kukinga jua. Kifurushi hakukifungua.

"Ni la mmoja wao," nilisema.

Msichana aliridhika. Nikafuata chokaa, na wao wakanifuata, na Tuye akaja katikati yao kwa mwendo uleule wa wengine, kwa sababu waliokuwa nyuma yake walikuwa wanasukuma.